Kupima Glukosi Bila Kimeng'enya kwa Waya wa Shaba: Mwongozo Kamili

Takriban kila mashine ndogo ya kupimia sukari inayouzwa katika maduka ya dawa hutegemea kimeng'enya kilichokaushwa juu ya stripu. Mtindo huo ulianza mwaka 1962, Leland Clark na Champ Lyons walipopendekeza nchini Marekani kwamba kimeng'enya cha glukosi oksidesi kiwekwe juu ya elektrodi ili kiigeuze glukosi kuwa ishara ya umeme. Kimeng'enya hicho kina sifa ambayo hakuna metali iliyoifikia: huitambua glukosi na kuziacha karibu sukari nyingine zote. Lakini ni protini, hivyo joto na unyevu hukidhoofisha, na ndiyo maana stripu nyingi huandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30 za Selsiasi, sharti ambalo chumba kisicho na kiyoyozi mjini Dar es Salaam mwezi wa Februari hakiwezi kulitimiza. Elektrodi isiyo na kimeng'enya huiondoa protini kabisa, na kazi ya kuchukua elektroni kutoka kwenye glukosi huachiwa uso wa metali au wa oksidi yake.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutengeneza elektrodi ya namna hiyo kwa waya wa kawaida wa shaba uliooteshwa nyuzi za oksidi ya shaba zenye unene wa kinano, kisha jinsi ya kuipima na kuitumia kupata kiasi cha glukosi katika pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na glukosi wa kurudisha maji mwilini. Umeandikwa kwa mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa kemia au fundi wa maabara mwenye mizani nzuri na potenshiostati, yaani kifaa kinachoiwekea elektrodi volteji na kupima mkondo wake. Niseme mapema kwamba kutengeneza elektrodi hii ni kazi ya mchana mmoja na karibu kila mtu hufanikiwa. Kazi yenyewe hasa, ambayo ripoti nyingi huipita mbio, ni kuthibitisha kwamba namba uliyoipata ni ya glukosi na si ya kitu kingine kilichomo katika sampuli. Kwa sababu hiyo nimelipa suala la uthibitisho nafasi kubwa kuliko la utengenezaji. Kifaa hiki kisitumike kuamua dozi ya dawa ya mgonjwa yeyote. Sababu zake zimeelezwa mbele.

Kinachotokea juu ya uso wa elektrodi

Aliyesoma kemia ya sekondari anakumbuka jaribio la Benedict, ambapo myeyusho wa buluu wenye ioni za shaba huchemshwa pamoja na glukosi katika hali ya besi na kutoa mashapo mekundu kama tofali. Pale glukosi huoksidishwa, na shaba yenyewe hupokea elektroni na kubaki katika hali ya Cu₂O. Katika elektrodi yetu, glukosi huoksidishwa vilevile, ila elektroni hazibaki kwenye shaba bali huvutwa na potenshiostati kupitia waya, na uso hurudi katika hali yake ya awali tayari kwa molekuli nyingine. Mkondo unaosomwa ni hesabu ya elektroni hizo kwa sekunde.

Maelezo yanayofundishwa zaidi ni kwamba, katika besi kali na volteji ya kutosha, CuO hupoteza elektroni moja na kuwa CuOOH, yaani shaba yenye hali ya oksidi ya tatu, ambayo huishambulia glukosi na kurudi kuwa CuO. Wapo watafiti wanaotilia shaka uwepo wa shaba hiyo ya hali ya tatu, wakieleza kwamba kazi kubwa hufanywa na ioni za haidroksidi zilizonasa juu ya uso wa oksidi. Kwa mtumiaji, maelezo yote mawili yanakubaliana kuhusu jambo moja la lazima: bila haidroksidi ya kutosha hakuna mmenyuko wa maana. Ndiyo sababu vipimo vyote hapa hufanyika katika haidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M (mola 0.1 kwa lita), yenye pH inayokaribia 13. Aidha, tofauti na kimeng'enya ambacho huchukua elektroni mbili tu kwa kila molekuli, shaba inaweza kuendelea kuivunja glukosi hadi kuwa fomati (ioni ya asidi ya fomiki), na hilo ni mojawapo ya sababu za elektrodi za shaba kutoa mkondo mkubwa.

Nikeli hufanya kazi kwa njia inayofanana kupitia NiOOH, nayo pia huhitaji besi. Dhahabu na platinamu zinaweza kuoksidisha glukosi hata katika pH ya 7, lakini ioni za kloridi hushika nafasi juu ya uso wake na kuuzima, na kwenye platinamu mazao ya mmenyuko wenyewe hung'ang'ania usoni. Nimechagua shaba kwa kuwa ni rahisi, hupatikana kila duka la vifaa vya umeme, na hustahimili kloridi kidogo vizuri kuliko dhahabu.

Mahitaji

Waya unaofaa ni ule wa msingi mmoja, wa milimita za mraba 1.5, unaotumika kufungia taa za nyumbani. Kipenyo chake ni karibu milimita 1.38. Menya plastiki yote, kwa maana plastiki ya PVC haitastahimili joto la tanuri. Usitumie waya wa kufungia mota, kwa sababu umepakwa vanishi ambayo haionekani kwa urahisi.

Kemikali ni haidroksidi ya sodiamu ya maabara, amoniamu persalfeti, asidi haidrokloriki, asetoni, ethanoli, na glukosi kavu ya maabara. Amoniamu persalfeti huuzwa pia kwa mafundi wa bodi za elektroniki, ambao huitumia kula shaba isiyotakiwa. Ya maabara ni bora zaidi, ila hiyo ya mafundi inatosha kwa kuotesha nyuzi. Maji yawe yaliyokenekwa. Jihadhari na chupa zinazouzwa mitaani kwa jina la maji ya betri, kwa kuwa baadhi yake ni asidi salfuriki iliyozimuliwa. Maji ya bomba au ya kisima hayafai, kwani magnesi iliyomo hujitenga mara moja katika besi na kuchafua uso wa elektrodi.

Seli inahitaji elektrodi tatu. Waya wako ndio elektrodi ya kazi. Elektrodi ya rejeleo ni ya fedha na kloridi ya fedha, yaani Ag/AgCl yenye KCl ya 3 M au iliyoshiba. Elektrodi ya tatu, ambayo hufunga sakiti, inaweza kuwa waya wa platinamu au kijiti cha grafiti. Kijiti cha kaboni kutoka katika betri kavu ya zamani hufaa, mradi kimechemshwa mara kadhaa katika maji na kusuguliwa ili kuondoa nta na chumvi za betri.

Potenshiostati si lazima iwe ya gharama kubwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichapisha michoro huru ya kifaa walichokiita CheapStat, kilichogharimu chini ya dola 80 kukiunda. Vifaa vidogo vya namna hiyo hupima mkondo mdogo tu, kwa hiyo kabla ya kukata waya wako, soma kikomo cha mkondo cha kifaa chako. Nitarudi kwenye jambo hili wakati wa kupima eneo.

Kuandaa waya

Kata vipande vya sentimita 6 na usiandae kimoja tu. Andaa angalau vitano kwa pamoja, katika chombo kimoja na kwa muda mmoja, kwa kuwa baadaye utahitaji kujua elektrodi moja inatofautiana kiasi gani na nyingine.

Sugua kila kipande kwa msasa laini wa namba 1000 na umalizie kwa namba 2000 hadi shaba ing'ae bila mikwaruzo mirefu. Osha kwa asetoni ili kuondoa mafuta ya vidole, kisha kwa ethanoli, kisha kwa maji. Zamisha sentimita 2 za mwisho katika asidi haidrokloriki ya 1 M kwa dakika moja ili kuondoa oksidi ya asili, suuza kwa maji mengi, na uende moja kwa moja kwenye hatua inayofuata. Waya uliosafishwa ukiachwa mezani huanza kuoksidika upya, na nyuzi zitaota kwa mabaka.

Kuotesha nyuzi za haidroksidi ya shaba

Vaa miwani ya kinga na glavu, na ufanye kazi karibu na dirisha lililo wazi au chini ya hudi ya maabara, yaani kabati la kufyonza gesi. Haidroksidi ya sodiamu ya 10 M huunguza ngozi na ni hatari sana kwa macho, persalfeti huchochea moto na huwasha njia ya hewa ya wenye pumu, na mmenyuko wenyewe hutoa gesi ya amonia. Unapotengeneza besi, tia chembe za haidroksidi kidogo kidogo ndani ya maji yaliyo katika chombo cha plastiki kilichowekwa ndani ya maji baridi, kwa sababu myeyusho hupata joto kali.

Katika bika ndogo changanya mililita 4 za NaOH ya 10 M, mililita 2 za amoniamu persalfeti ya 1 M, na mililita 9 za maji. Mchanganyiko huo una takriban 2.7 M ya NaOH na 0.13 M ya persalfeti. Persalfeti itengenezwe siku hiyohiyo, kwa kuwa huvunjika polepole ikiwa ndani ya maji. Ning'iniza waya zote ili sentimita moja ya ncha izame, bila waya kugusana wala kugusa ukuta wa chombo.

Ndani ya dakika chache uso wa shaba hupoteza mng'ao, kisha huvaa utando wa buluu hafifu kama wa mawingu, nao ndio haidroksidi ya shaba, Cu(OH)₂, iliyoota kama nyuzi zinazosimama kutoka kwenye metali yenyewe. Myeyusho nao huanza kuwa wa buluu. Toa waya baada ya dakika 10 hadi 15, mara utando unapofunika uso wote kwa usawa. Hapa uvumilivu una madhara. Ukiacha waya kwa muda mrefu kwa kudhani kwamba nyuzi nyingi zaidi zitaleta mkondo mkubwa zaidi, utando huwa mnene, hushikilia vibaya, na hubanduka kwenye kikorogeo wakati wa kupima. Zamisha waya katika maji safi mara tatu bila kuutikisa kwa nguvu, usiuguse kwa kitambaa, kisha uache ukauke hewani.

Kuoka

Weka waya katika tanuri, pandisha joto polepole hadi nyuzi 180 za Selsiasi, na uache hapo kwa saa 2. Haidroksidi hupoteza maji na kuwa CuO, na rangi hugeuka kutoka buluu hadi nyeusi yenye ukahawia. Umbo la nyuzi hubaki kwa kiasi kikubwa, na ndilo tunalolitaka, kwa sababu uso wa kweli unaokutana na myeyusho huwa mkubwa mara nyingi kuliko uso laini wa waya. Kupandisha joto haraka hufanya mvuke wa maji utoke kwa kishindo na kuupasua utando. Tanuri ya jikoni inaweza kutumika, lakini ikishatumika kwa kazi hii isirudishwe kupika chakula.

Acha waya upoe ndani ya tanuri. Sehemu ikibaki na ubuluu, rudisha kwa saa nyingine. Sehemu ikionyesha shaba tupu, tupa kipande hicho. Shaba iliyo wazi huleta mkondo wa kutu unaochanganya vipimo.

Kuweka mipaka ya eneo

Sasa funika waya kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili, ukiacha milimita 5 za mwisho wazi, na upande wa juu uache sentimita moja uliosuguliwa kwa ajili ya kibanio cha umeme. Epoksi ikauke usiku mzima. Rangi ya kucha, ambayo wengi huitumia, huvumilia besi kwa muda mfupi tu, kisha maji hupenya chini yake na eneo lako hubadilika bila wewe kujua.

Eneo la kijiometri ni ubavu wa silinda pamoja na kitako chake: kwa kipenyo cha sentimita 0.138 na urefu wa sentimita 0.5 ni sentimita za mraba 0.217 jumlisha 0.015, yaani 0.232. Namba hii ndiyo utakayogawia mkondo ili kupata unyeti kwa kila sentimita ya mraba. Elektrodi za CuO za namna hii hutoa mamia ya mikroampea kwa kila mmol/L kwa sentimita ya mraba, hivyo kwa eneo hilo tarajia zaidi ya mikroampea 100 kwa kila mmol/L ya glukosi. Ikiwa potenshiostati yako hukoma kwenye mikroampea 50, funika ubavu wote kwa epoksi na uache kitako peke yake.

Myeyusho wa vipimo

NaOH ya 0.1 M hupatikana kwa gramu 4.0 katika lita moja. Ihifadhi katika chupa ya plastiki iliyofungwa, kwa sababu hunyonya kaboni dioksidi ya hewani na kugeuka kabonati taratibu.

Kwa glukosi, pima gramu 1.802 za glukosi kavu na ujaze maji hadi mililita 100, utapata 100 mmol/L. Soma lebo kwa makini. Glukosi yenye maji ya fuwele ina uzito wa molekuli wa 198.17 badala ya 180.16, na anayechanganya hizi mbili hupata kosa la karibu asilimia 10 ambalo hakuna takwimu itakayolifichua. Acha myeyusho ukae usiku mzima kwenye jokofu, ili maumbo mawili ya glukosi, alfa na beta, yafikie mgao wao wa kudumu wa takriban 36 kwa 64. Jambo la kukazia hapa ni kwamba myeyusho huu wa akiba utengenezwe kwa maji, si kwa NaOH. Katika besi, glukosi hujigeuza polepole kuwa fruktosi na manosi, na akiba iliyokaa humo siku moja si ya glukosi safi tena.

Kuiamsha elektrodi na kuchagua volteji

Mimina mililita 20 za NaOH katika bika, zamisha elektrodi tatu, na uendeshe voltametria ya mzunguko, yaani kupandisha na kushusha volteji huku mkondo ukipimwa, kutoka volti 0 hadi +0.70 dhidi ya Ag/AgCl, kwa kasi ya milivolti 50 kwa sekunde. Mizunguko ya kwanza huwa haifanani. Endelea hadi mizunguko miwili mfululizo ilaliane, kwa kawaida baada ya kama 20. Usishuke chini ya volti 0, kwa kuwa kule oksidi huanza kurudishwa kuwa Cu₂O na shaba, na nyuzi ulizozilea huharibika.

Kisha ongeza glukosi hadi 1 mmol/L na urudie. Elektrodi nzuri huonyesha mkondo unaoanza kupanda karibu na volti +0.3 na kufikia kilele au bega pana kati ya +0.50 na +0.60. Ongeza hadi 2 mmol/L, na mkondo upande tena kwa kiasi kinacholingana. Kama mchoro wenye glukosi na usio na glukosi ni sawa, tatizo kwa kawaida ni kibanio kilichoshika epoksi au elektrodi ya rejeleo iliyokauka, wala si nyuzi.

Usichague volteji kwa kunakili namba ya mtu mwingine. Pima ongezeko la mkondo kwa 0.5 mmol/L katika volti +0.45, +0.50, +0.55 na +0.60, kila mara ukiandika pia mkondo wa msingi na ukubwa wa kelele zake, halafu chukua volteji yenye uwiano bora wa ishara kwa kelele. Mara nyingi itakuwa +0.50 au +0.55. Zaidi ya hapo mkondo wa glukosi huongezeka kidogo, ila oksijeni huanza kutoka kwenye maji na mstari wa msingi hupanda na kushuka. Ikiwa unalinganisha matokeo yako na ya mwenye elektrodi ya rejeleo tofauti, geuza kwanza: kwa Ag/AgCl ya KCl iliyoshiba, jumlisha volti 0.197 na 0.059 mara pH ili kupata volteji dhidi ya elektrodi ya haidrojeni katika myeyusho uleule. Na kwa kuwa besi huingia polepole ndani ya Ag/AgCl, isiachwe humo baada ya kazi. Isuuze na uirudishe kwenye KCl yake.

Kujenga mstari wa vipimo

Hapa tumia amperometria, yaani volteji isiyobadilika huku mkondo ukifuatiliwa kwa wakati. Weka kikorogeo cha sumaku kwenye mizunguko 300 kwa dakika na usiiguse kasi hiyo tena hadi mwisho, kwa maana mkondo hutegemea jinsi glukosi inavyoufikia uso. Washa volteji na usubiri dakika 5 hadi 10 mkondo wa mwanzo ushuke na kutulia. Kompyuta ya mkononi ifanye kazi kwa betri yake, bila chaja, na ikiwa kelele bado ni kubwa, weka seli ndani ya kopo kubwa la bati la biskuti lililounganishwa na ardhi ya potenshiostati. Kifaa hicho cha bei ya bure hushinda vichujio vingi vya programu.

Kila sekunde 60 ongeza mikrolita 20 za akiba ya 100 mmol/L. Kila ongezo ni sawa na 0.1 mmol/L, na mkondo upande kwa ngazi ndani ya sekunde chache kisha utulie. Ngazi zinazopanda kwa kusitasita kwa nusu dakika huonyesha mchanganyiko mbaya au utando mnene mno. Ujazo unabadilika kadiri unavyoongeza: baada ya mara 30 una mikromola 60 katika mililita 20.6, yaani 2.91 na si 3.00 mmol/L. Rekebisha kila nukta kwa namna hiyo.

Chora mkondo dhidi ya ukolezi. Utaona mstari mnyoofu ambao baadaye huanza kuinama, mara nyingi mahali fulani baada ya 2 mmol/L, kwa sababu nafasi juu ya uso huanza kujaa. Tumia sehemu iliyonyooka pekee na useme wazi inaishia wapi. Tuseme mteremko wako ni mikroampea 150 kwa mmol/L. Ukigawa kwa eneo la 0.232 unapata unyeti wa takriban 647 µA kwa mmol/L kwa sentimita ya mraba. Ikiwa mkengeuko sanifu wa mkondo wa msingi ni mikroampea 0.12, kikomo cha ugunduzi ni mara tatu ya huo, ukigawa kwa mteremko: 0.0024 mmol/L. Namba ndogo kama hii hupendeza sana kwenye kichwa cha makala, lakini kwa sampuli nyingi haina faida yoyote. Glukosi ya damu ya mtu mwenye afya kabla ya kula ni kati ya 3.9 na 5.5 mmol/L, na hakuna anayehitaji mikromola mbili. Kinachohitajika ni elektrodi ya tano kutoa jibu sawa na ya kwanza. Kwa hiyo rudia mstari wote kwa elektrodi zako tano na utoe mkengeuko wa miteremko kwa asilimia. Ukizidi 10, rudi kwenye msasa na kwenye mpaka wa epoksi kabla ya kulaumu kemia.

Jaribio la vitu vinavyoingilia

Desturi iliyoenea ni kuongeza glukosi 1 mmol/L, kisha asidi ya askobiki 0.1, kisha asidi ya yuriki 0.1, kisha chumvi ya mezani, na mwishoni glukosi tena, na kuonyesha kwamba ngazi za vitu vya kati ni ndogo. Fanya jaribio hilo, lakini usiishie hapo, kwa kuwa limechaguliwa kwa namna inayoipendelea elektrodi. Ongeza pia fruktosi, galaktosi, laktosi na sukrosi, kila moja kwa kiwango kilekile cha glukosi. Utaona fruktosi ikitoa ngazi inayolingana na ya glukosi au kuikaribia, na nyingine zikitoa sehemu yake. Oksidi ya shaba inatambua kabohaidreti zenye vikundi vya haidroksili. Jina la sukari hailijui. Kwa sababu hiyo asali, maji ya matunda na soda haviwezi kupimwa glukosi kwa njia hii bila kuzitenganisha sukari kwanza.

Uteuzi, yaani uwezo wa kuitofautisha glukosi na sukari nyingine, si suala la kitaaluma tu. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu stripu zenye kimeng'enya cha GDH-PQQ, ambazo zilihesabu maltosi kuwa glukosi kwa wagonjwa waliotumia dawa fulani za kusafishia figo kupitia tumbo. Wagonjwa walioonekana kuwa na sukari nyingi walipewa insulini ilhali sukari yao ilikuwa chini, na vifo 13 viliripotiwa. Hizo zilikuwa stripu zenye kimeng'enya, tena zilizoidhinishwa.

Sampuli halisi: pakiti ya ORS

ORS ya fomula ya Shirika la Afya Duniani ni sampuli nzuri kwa sababu sukari yake ni glukosi peke yake na kiasi chake kinajulikana: gramu 13.5 kwa lita, sawa na 75 mmol/L, pamoja na gramu 2.6 za kloridi ya sodiamu, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitrati ya sodiamu. Chagua isiyo na ladha, maana zenye ladha zinaweza kuwa na vitamu vingine. Yeyusha pakiti nzima ya gramu 20.5 hadi lita moja kamili. Usichote sehemu ya unga, kwani chumvi na glukosi hujitenga ndani ya pakiti.

Anza na sampuli tupu. Tengeneza myeyusho wenye chumvi hizo tatu bila glukosi, ongeza mikrolita 200 katika mililita 19.8 za NaOH, na uangalie kama mkondo unapanda. Ukipanda kidogo, toa kiasi hicho baadaye. Halafu anza upya na NaOH mpya ya mililita 19.8, subiri mkondo utulie, na uongeze mikrolita 200 za ORS. Umezimua mara 100, hivyo tarajia karibu 0.75 mmol/L, katikati ya sehemu iliyonyooka.

Badala ya kusoma jibu kwenye mstari wa jana, tumia njia ya kuongeza kiwango ndani ya sampuli ileile: mikrolita 50 za akiba mara tatu, kila moja ikiongeza 0.25 mmol/L. Zidisha kila mkondo, baada ya kutoa mkondo wa msingi, kwa ujazo wa wakati huo na ugawe kwa mililita 20. Tuseme unapata 112.0, 149.5, 187.0 na 224.5. Mteremko ni 150 kwa mmol/L, na 112 ukigawa kwa 150 ni 0.747, ukizidisha kwa 100 unapata 74.7 mmol/L. Faida ya njia hii ni kwamba, kama sitrati au kloridi imepunguza unyeti wa elektrodi, imepunguza ishara ya sampuli na ya nyongeza kwa kiasi kilekile, na kosa hujifuta lenyewe. Haifuti kosa la kitu kinachotoa mkondo wake chenyewe, na hiyo ndiyo kazi ya sampuli tupu. Rudia kwa pakiti tatu na elektrodi tatu kabla ya kuandika jibu.

Kwa nini si damu

Damu ina pH ya 7.4, na CuO haifanyi kazi hapo. Mtu anaweza kuzimua damu katika NaOH, lakini protini zake hufunika uso, amino asidi nazo huoksidika juu ya shaba, na parasetamoli aliyoimeza mgonjwa huongeza mkondo wake. Kiwango cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinadai asilimia 95 ya vipimo viwe ndani ya 0.83 mmol/L pale glukosi ilipo chini ya 5.55, na ndani ya asilimia 15 kuanzia hapo, kwa damu ya watu wengi tofauti. Ripoti inayosema kwamba kihisi kiko tayari kwa wagonjwa, na ushahidi wake ukawa matone matatu ya seramu yaliyoongezwa glukosi na kuzimuliwa katika besi, isomwe kwa tahadhari. Matumizi yanayofaa leo ni ufuatiliaji wa uchachushaji wenye glukosi pekee, ukaguzi wa dripu za glukosi, ufundishaji, na kutambua sukari baada ya kutenganishwa kwa kromatografia.

Uhifadhi na taka

Elektrodi ikitoka kazini suuza kwa maji, kausha, na uihifadhi ndani ya kopo kavu lenye silika. Isiachwe ikielea katika NaOH yenye glukosi bila volteji, kwa sababu hapo glukosi huanza kuirudisha oksidi nyuma, kama katika jaribio la Benedict. Kila unapoianza, ipime kwa 1 mmol/L. Mteremko ukishuka zaidi ya asilimia 10 kutoka ule wa awali, iamshe kwa mizunguko 10, na ikikataa kupanda tengeneza nyingine.

Myeyusho wa kuoteshea una shaba, besi kali na mabaki ya persalfeti. Usimwagwe kwenye sinki, kwa sababu shaba huua viumbe vya majini hata ikiwa kidogo. Ukusanye katika dumu la plastiki lenye lebo, kifuniko kikiwa kimelegezwa ili gesi itoke, na uukabidhi kwa msimamizi wa taka za maabara. NaOH ya 0.1 M ambayo haijakutana na shaba inaweza kuzimwa kwa siki hadi karatasi ya pH isome kati ya 6 na 8, ndipo imwagwe na maji mengi.